Mkataba Ukiisha: Rada Yote ya Mchezaji, Kocha na Klabu ya Ocha

Kila ligi ikiisha, simu yako inajaa picha ile ile. Mchezaji ameshika jezi mpya, anatabasamu, na chini yake shabiki wa K'Ogalo anauliza, "Tumemuuza pesa ngapi?" Mara nyingi jibu ni chungu: hajauzwa. Mkataba uliisha, msee akafunga virago, na klabu haikupata hata doo ya kununua mipira.

Kama uko Kombewa unasoma hii stejini ukingoja mathree ya Kisumu, pengine unasema hii ni story ya vilabu vikubwa vya Nairobi. Zii. Inakuhusu wewe, inamhusu brathako anayecheza winga, na inaihusu ile timu ya mtaa inayochangisha nauli kila Jumamosi. Soma hadi mwisho, ju doo inayopotea hapo katikati ni yenu pia.

Mkataba ni nini hasa?

Huhitaji digrii kuelewa hii. Mimi mwenyewe sina.

Mkataba, au kandarasi, ni karatasi inayosema utachezea nani, hadi lini na kwa pesa ngapi. FIFA inasema mkataba wa mchezaji wa kulipwa uchukue angalau hadi mwisho wa msimu, na usizidi miaka 5. Kama hujafika miaka 18, kikomo ni miaka 3. Msee akikuwekea mkataba wa miaka 5 na bado uko Form Three, huyo anakucheza.

Mkataba ukiwa bado unaendelea, klabu nyingine ikikutaka lazima iongee na klabu yako kwanza, na hapo ndipo ada ya uhamisho hutoka. Mkataba ukiisha, wewe ni mchezaji huru. Unaenda unakotaka, na klabu mpya hailipi ile ya zamani ada ya kukununua.

Haikuwa hivi zamani. Kule Ulaya klabu iliweza kukushikilia hata baada ya mkataba kuisha, hadi ilipwe. Mbelgiji mmoja, Jean-Marc Bosman, alikataa. Alikuwa ameganda RFC Liège akitaka kwenda Dunkerque ya Ufaransa, akapeleka kesi mahakamani, na tarehe 15 Desemba 1995 Mahakama ya Haki ya Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha, umeisha. Soka ya dunia ikabadilika kutoka hapo.

Mkataba huisha miezi 6 mapema

Hapa ndipo vilabu vyetu vingi huchezwa. Sheria inamruhusu mchezaji kusaini na klabu nyingine mkataba wake ukibakisha miezi 6 au chini ya hapo. Chukulia mkataba unaisha 30 Juni. Kuanzia mwanzo wa Januari msee anaweza kukaa chini na klabu nyingine, akasaini ya msimu ujao, kisha akarudi mazoezini kesho yake akikusalimia vizuri tu. Hajavunja sheria yoyote.

Kwa hivyo kiongozi wa klabu anayesema "tutaongea na yeye ligi ikiisha" amechelewa nusu mwaka. Mazungumzo ya kurefusha mkataba hufaa kuanza mwaka mzima kabla. Ukishafika Januari bila saini, huna mchezaji wa kuuza. Una mgeni anayesubiri gari.

Makocha wa K'Ogalo: ukishinda, unaenda

Angalia Gor Mahia, klabu ambayo huku kwetu watu huzaliwa nayo. Imebeba ligi mara 21 hadi msimu wa 2023/24, rekodi ya Kenya. Sasa angalia kilichowapata waliowapa hayo makombe miaka ya karibuni.

Bobby Williamson alimaliza ukame wa miaka 18 kwa kushinda ligi ya 2013. Agosti 2014 akachukuliwa na Harambee Stars.

Frank Nuttall alibeba ligi ya 2015 bila kupoteza mechi hata moja. Kufika Machi 2016 alikuwa ameondoka.

Zé Maria, Mbrazili, aligura 2017 kwenda Tirana ya Albania.

Dylan Kerr alishinda 2017 na 2018. Novemba 2018 akaenda Black Leopards ya Afrika Kusini.

Hassan Oktay aliingia Desemba 2018, akashinda msimu wa 2018/19, na kufika Agosti 2019 hakuwepo.

Steven Polack akapata ligi ya 2019/20, ile iliyokatizwa na korona. Oktoba 2020, kwaheri.

Johnathan McKinstry alishinda 2022/23 na 2023/24. Mwaka huo huo wa 2024 akateuliwa kocha wa Gambia.

Umeona mtindo? Hawa si makocha waliofeli wakatimuliwa. Wengi wao walikuwa wameshinda. Kombe kwa kocha ni kama cheti: akishalipata anakipeleka mahali panapolipa vizuri zaidi, au panapolipa kwa wakati.

Na kumbuka kocha hana dirisha la usajili. Mchezaji lazima angoje dirisha lifunguliwe, lakini kocha anaweza kuondoka Jumanne na Jumamosi akawa kwenye benchi ya nchi nyingine. Kinga nzuri ya klabu ni kifungu cha fidia ndani ya mkataba, kinachosema yeyote anayemtaka kabla ya muda kuisha atalipa kiasi fulani. Bila hicho, klabu inaweza kubaki na barua ya shukrani tu.

Kocha akienda ghafla, mrithi naye huokotwa haraka. Oktoba 2020 Gor ilimleta Mbrazili Roberto Oliveira. Karatasi zake hazikutosha viwango vya CAF, kwa hivyo mechi za Champions League hakuruhusiwa kukalia benchi. Hiyo ndiyo gharama ya kutojipanga. Mshahara unalipwa, kocha yuko jukwaani.

Wachezaji: mwaka ambao doo iliisha

Hata kabla ya mambo kuharibika, wasee walikuwa wameanza kutoka. Michael Olunga alienda Djurgården ya Sweden mwanzoni mwa 2016 baada ya ule msimu bila kushindwa, na kufika 2020 alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Japani na mabao 28. Meddie Kagere alivuka kwenda Simba 2018, akawa mfungaji bora wa Tanzania misimu miwili mfululizo. Godfrey Walusimbi akaenda Kaizer Chiefs mwaka huo huo. Jacques Tuyisenge akaenda Petro de Luanda 2019, na Francis Kahata akamfuata Kagere Simba.

Halafu 2019 SportPesa, iliyokuwa ikidhamini Gor, AFC Leopards na ligi yenyewe, ikafunga mfereji baada ya kuvurugana na serikali kuhusu leseni na kodi. Mshahara ukawa story ya kusikia. Mdhamini mpya, Betsafe, alikuja 2020, lakini kufika hapo milango ilikuwa wazi. Joash Onyango akaenda Simba, Dickson Ambundo akaenda Dodoma Jiji, Boniface Omondi akaenda Wazito. Mwaka uliofuata, Kenneth Muguna akaenda Azam.

Matokeo? Desemba 2020, Gor ilisafiri Algeria kucheza na CR Belouizdad kwenye Champions League. Ikachapwa 6-0. Watu walicheka sana mtandaoni, lakini ile mechi haikupotezwa Algiers. Ilipotezwa miezi mingi nyuma, kwenye ofisi ambayo haikuwa na pesa ya kuwashika watu.

Mbona kila mtu anaenda Tanzania?

Si mapenzi ya pilau. Mei 2021, shirikisho la Tanzania lilisaini na Azam Media dili ya miaka 10 ya haki za televisheni, shilingi za Tanzania bilioni 225.6. Klabu ikijua televisheni inaleta pesa kila msimu, inaweza kumwandikia mchezaji mkataba wa miaka miwili bila kuogopa. Sisi SuperSport ilituacha 2017, ligi ilipoongezwa kutoka timu 16 hadi 18, na tangu hapo tumekuwa tukiruka kutoka mdhamini mmoja hadi mwingine.

Hata hapa Kenya utaona tofauti. Wachezaji wa Ulinzi Stars ni wanajeshi wa KDF. Mkataba wa mpira ukiisha, kazi bado iko na mwisho wa mwezi bado unafika. Tusker ina kampuni ya bia nyuma yake, KCB ina benki. Kenya Police ilibeba ligi ya 2024/25, mara yake ya kwanza kabisa. Gor na Ingwe zina kitu kikubwa kuliko hizo zote, mashabiki, lakini shabiki hulipa getini siku timu inashinda. Mchezaji naye hudaiwa rent kila mwezi, timu ishinde ishindwe.

Huku lakeside tuliionja pia. Kisumu All Stars, iliyokuwa ikitegemea mfuko wa kaunti, ilipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20. Ikakaa msimu mmoja tu, ikapoteza mchujo dhidi ya Vihiga United, ikarudi chini. Kupanda si kazi ngumu sana. Kazi ni kuwalipa watu ukishafika.

Usipolipwa je?

Hii ndiyo sehemu ya kuscreenshot.

Sheria ya FIFA inasema hivi: klabu ikikosa kukulipa mishahara ya miezi 2, unaiandikia notisi na kuipa siku 15 ilipe yote. Isipolipa, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Usiruke hiyo barua. Ukitoka tu kambini kwa hasira bila kuandika, wewe ndiye utageuzwa mwenye makosa. Tangu Januari 2021, makocha nao wana kinga ya namna hiyo kwenye sheria za FIFA.

Una miaka 2 ya kupeleka madai FIFA tangu tatizo litokee. Ukipita hapo, umechelewa.

Klabu ikiamriwa kulipa ikakataa, inaweza kufungiwa kusajili wachezaji hadi madirisha matatu mfululizo. AFC Leopards wanaijua hiyo. Kocha wao Mnyarwanda, André Casa Mbungo, aliondoka Desemba 2019 akilalamikia mshahara. FIFA ikaamuru alipwe, na deni hilo pamoja na mengine ya wachezaji wa kigeni yakaishia kuiletea Ingwe marufuku ya kusajili. Gor nayo imewahi kufungiwa kwa madeni ya aina hiyo. Hebu fikiria: hukulipa wa zamani, wakaondoka, na sasa huruhusiwi kuleta wapya. Umepigwa pande zote mbili.

Lakini kuna kitu kinauma hapa. Hiyo njia ya FIFA ni ya kesi zenye nchi mbili ndani, kama Mnyarwanda na klabu ya Kenya. Wewe Mkenya ukiwa kwa klabu ya Kenya, kesi yako huanzia nyumbani: kamati za FKF, Jopo la Mizozo ya Michezo lililoundwa na Sheria ya Michezo ya 2013, au mahakama ya masuala ya kazi. Ni njia halali, lakini haina lile rungu la kufunga usajili ambalo klabu huogopa. Ndiyo maana klabu ikipata doo kidogo, inakimbia kumlipa mgeni kwanza. Mtoto wa nyumbani anaambiwa, "Omera, vumilia, wewe ni wetu."

Kabla hujaenda popote, ongea na KEFWA, chama cha kutetea maslahi ya wachezaji wa Kenya. Wanajua hizi njia kuliko jamaa yako aliyesoma sheria mwaka mmoja.

Sasa Kombewa inaingia wapi?

Shika kalamu. Kuna pesa mbili ambazo klabu ndogo inaweza kupata kwa kulea mchezaji.

Ya kwanza ni fidia ya mafunzo. Mchezaji akisaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, vilabu vilivyomlea tangu miaka 12 vinaweza kudai. Akiendelea kuhama kutoka nchi hadi nchi kabla mwaka anaotimiza 23 haujaisha, klabu aliyotoka ndiyo inadai. Hii hulipwa hata kama mkataba uliisha.

Ya pili ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kwenda nchi nyingine kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawiwa vilabu vyote vilivyomlea kati ya miaka 12 na 23. Hii haina kikomo cha umri. Auzwe akiwa na miaka 29, bado mnakula.

Mgao wenyewe ni huu: kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 ni asilimia 0.25 ya ada, na kila msimu wa 16 hadi 23 ni asilimia 0.5.

Tuchukue mfano. Kijana alichezea timu yenu Kombewa misimu minne, akiwa na miaka 14, 15, 16 na 17. Kisha akaenda Ligi Kuu akasaini huko. Baada ya miaka michache anauzwa nje kwa dola 100,000. Hesabu yenu: 0.25 mara mbili, jumlisha 0.5 mara mbili, ni asilimia 1.5. Hiyo ni dola 1,500, karibu laki mbili za Kenya. Kwa timu ya ocha hiyo ni jezi, mipira, neti za goli na nauli ya msimu mzima hadi Kisumu na kurudi.

Sasa rudia mfano huo huo, lakini klabu yake ya Ligi Kuu ilalale hadi mkataba uishe. Anaenda bure. Asilimia 1.5 ya sufuri ni sufuri. Fidia ya mafunzo nayo hamwigusi, kwa sababu alishasaini mkataba wa kwanza hapa Kenya, na iliyobaki ni ya klabu aliyotoka. Kwa hivyo ile klabu kubwa haikujipoteza yenyewe tu. Imewapoteza na nyinyi, na hamkuwa hata kwenye meza.

Na hata akiuzwa vizuri, mnaweza kukosa kwa ujinga wa karatasi. FIFA husoma pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya shirikisho inayoonyesha alisajiliwa wapi kila msimu. Kama timu yenu haijasajiliwa na FKF, au kijana alicheza bila kuandikishwa, hiyo misimu minne haipo. Vilevile miaka ya kuchezea shule peke yake, hata kama ni shule inayotisha mashindanoni, haimsaidii mtu kama shule si mwanachama wa shirikisho.

Kwa hivyo katibu wa timu, yule anayebeba kitabu kila mtu akimcheka, ndiye mtu muhimu kuliko straika.

Klabu ifanye nini?

Weka kalenda ya mikataba ukutani, na tarehe ya hatari iwe miezi 12 kabla ya mwisho.

Usiache mikataba 15 iishe Juni moja. Itawanye ili kila mwaka uwe na wachache tu wa kupigania.

Kijana wa miaka 19 anayepanda vizuri mrefushie mapema, kabla hajaanza kupigiwa simu na Dar.

Ukishindwa kumlipa, muuze akiwa na mwaka mmoja umebaki. Kidogo ni bora kuliko sufuri.

Kwa kocha, weka kifungu cha fidia, na mkuze msaidizi wa nyumbani mwenye leseni, ili mkuu akienda timu isianze upya.

La mwisho ndilo kubwa: andika mshahara unaoweza kulipa. Mkataba wa elfu 30 unaofika kila tarehe 5 humshika mtu kuliko wa elfu 80 unaofika ukipenda.

Kabla hujasaini

Soma tarehe ya mwisho kwanza, kabla ya kusoma mshahara.

Angalia kama kuna kifungu kinachoipa klabu peke yake haki ya kukuongezea mwaka. Hivyo vifungu huleta kesi. Uliza kiondolewe, au kiambatane na nyongeza ya mshahara.

Kila ahadi iandikwe. Nyumba, bonasi, matibabu ukiumia. Ya mdomo huisha mwenyekiti akibadilishwa.

Chukua nakala yako iliyosainiwa na pande zote, siku hiyo hiyo. Usikubali "tutakutumia". Piga picha, jitumie kwa email, mpe mamako nyingine aweke na title deed.

Anayejiita wakala akuonyeshe leseni ya FIFA. Mtihani wa hizo leseni ulirudishwa 2023, na mkataba wa kukuwakilisha usizidi miaka 2. Akikuomba doo ya "kuprocess trial" Qatar, huyo ni mwizi wa kawaida, ametoa tu miwani.

Kama hujafika miaka 18, FIFA hairuhusu uhamishwe nchi nyingine ila kwa sababu chache sana. Anayekuahidi Ulaya ukiwa na 16 anajua hilo.

Na ukiondoka, ondoka fiti: mkataba umeisha au umevunjwa kwa barua, karatasi mkononi, na jina la timu yako ya kwanza kwenye rekodi. Siku ukiuzwa, kuna uwanja wa murram kando ya barabara ya Bondo ambao unastahili neti mpya.